Deraya Nambari Tisa

Simama wima. Nyanyua mikono kama unapimwa shela.
Hii nambari tisa, ya kwendea Kiuyu,
kule kotonii ilikohamia kina kirefu
tangu maji ya ufukweni yaanze kutokota
kama sufuria ya chaza.

Mie Kazija. Sikuyasomea haya.
Nilikuwa nikishona sare za skuli hapa Wete,
marinda ya buluu, vifungo vinne,
hadi yaliposhushwa makasha bandarini
na ndani mmelala watu wa chuma
wasio na watu ndani yao.

Kitabu chake kinasema gamba la nje
linahimili joto la tanuu la chokaa.
Mwiba wa taa hauingii.
Yavuyavu akikukumbatia hutojua.
Na ile tindikali iliyomo majini siku hizi,
iliyokula miguu ya Hija
ikaiacha kama ganda la muhogo,
itagonga, itageuka, itakwenda zake.

Kitabu hakisemi habari ya jasho.
Hakisemi pua ikiwasha utaikunia wapi.
Waliokipima kifua walikipima cha mwanamme,
tena mwembamba, asiyejua kunyonyesha.
Kwa hiyo hapa nimepasua, nikaongeza shibiri;
mshono ni wa waya, usiuguse.
Ndani nimetia kanga ya marehemu mama.
Imechakaa, ndiyo maana ni laini.
Jina lake limekuangukia mgongoni,
hutoweza kulisoma. Wala sikwambii.

Mguu. Vuta. Kaza bizimu. Si hivyo, utavunja kucha!
Hapo kifuani pana taa tatu:
kijani, endelea kufunga taitai zako;
manjano, maliza kamba uliyoishika, usianze nyengine;
nyekundu, acha yote, kigingi, gunia,
hata shoga yako,
rudi.
Neno hilo la shoga sikulitunga mie.
Limo kitabuni, ukurasa wa arubaini.
Nimelifuta kwa wino mara mbili
na kila nikifungua nalikuta.

Nyumba yangu haina mlango.
Skuli tulijibu yai, tukapigiwa makofi.
Siku ya kwanza kuijaribu hii nililikumbuka yai lile,
nikalia. Na machozi humu hayana pa kwenda,
hukusanyika kidevuni, yakapoa.

Aliyeivaa kabla yako ni Bikombo wa Maziwang'ombe.
Utaona goti la kushoto linapinda
kabla wewe hujalipinda.
Limezoea mwendo wake. Usishindane nalo.
Siku moja mvua iliwanyeshea huko huko majini,
mvua ya matone, baada ya miaka minne,
na Bikombo akafungua kioo cha uso.
Pumzi saba. Wenziwe walihesabu.

Hakufa, usinikodolee macho.
Alikohoa Mfunguo Mosi wote na Mfunguo Pili,
na kila aliyekwenda kumkagua
alimshika mkono akamwambia,
"Bado inanukia."
Nini, Bikombo?
"Bado inanukia, nakwambia."

Mafundi wa kampuni wakaja, wakaziba kila tundu,
wakagonga muhuri, wakanywa chai yangu.
Walipokwenda zao nikachukua bisibisi.
Chini ya sikio la kulia, skrubu ya saba,
papasa. Umeipata?
Robo mzunguko tu. Hesabu moja, mbili, tatu, rudisha.
Joto litakuuma kidogo, kadiri ya siafu.
Pengine utanusa chumvi tu, au hewa iliyoungua.
Siku nyengine hutonusa kitu.
Sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wanane wa kabla yako.

Haya. Gari ya Micheweni inaondoka saa kumi na moja alfajiri.
Ukirudi usiianike juani.
Ioshe kwa maji ya mvua, yakiwapo.
Na kabla sijaifunga kofia, una neno?
Liseme sasa, nilisikie kwa sauti yako,
maana humo hutoka sauti ya mtu mwengine.

Huna?
Basi hata piga chafya.
Ndani haina pa kupita.